Leteni Sanduku Kama Lilivyo

Hotuba iliyotolewa Mwanza mbele ya wazee, walimu, wanafunzi na watunzi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, watunzi wa mashairi na wa nyimbo, na ninyi mliovuka maji tangu alfajiri kutoka Ukerewe na Sengerema kuja kukaa kwenye viti hivi vigumu, mwangaluka!

Nimeambiwa muda ni mfupi, na spika hii nayo ina tabia ya kukatakata, kwa hiyo naanza na swali. Ni nani humu ndani ambaye nyumbani kwao, au kwa babu yake, hakuna sanduku la bati chini ya kitanda? Nyosheni mikono. Mnaona? Mikono mitatu tu, na mmoja ni wa kijana aliyepanga chumba Nyegezi juzi juzi.

Sanduku hilo lina nini? Lina cheti cha ubatizo au cha ndoa. Lina kadi ya TANU. Lina stakabadhi za pamba, risiti za kodi, barua za mjomba aliyekwenda Dar es Salaam akaandika kila mwezi, kisha akanyamaza. Lina daftari la mtu aliyekuwa akitunga nyimbo za ngoma. Na katika sanduku moja kati ya mengi, hatujui ni lipi, kuna kitabu ambacho hakijachapwa na ambacho wenye nyumba hawajui kwamba ni kitabu.

Nimekuwa mkutubi na mtunza nyaraka kwa muda wa kutosha kujua masanduku hayo huishia wapi. Mzee anafariki. Msiba unakwisha, mashamba yanagawanywa, na siku ya kusafisha nyumba sanduku linamwagwa uani. Vyeti na hati ya kiwanja vinawekwa pembeni. Vingine vyote vinatiwa kiberiti. Leo nimekuja kuviombea hivyo vingine vyote.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika huku kwetu, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Karatasi zake ziko wapi? Uingereza. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua, akianzia pwani yetu hii ya kusini. Karatasi zake ziko wapi? Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misheni pale Bukumbi, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo. Jumba kuu la nyaraka za shirika lao liko wapi? Roma. Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Barua za shirika lake ziko wapi? Chuo Kikuu cha Birmingham. Hata Hans Cory, yule Muaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliyeishi Mwanza na kuandika sheria na mila za Wasukuma, karatasi zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyo angalau hakuvuka bahari.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Magu anayetaka kujua mvua zilinyeshaje Bukumbi miaka ya 1880 aombe viza kwanza.

Silalamiki. Nataka mjiulize kwa nini watu wale waliacha karatasi nyingi kiasi hicho. Walipenda kuandika kuliko babu zetu? Hapana. Waliagizwa. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alitaka kila kituo kiweke shajara: nani kafika, nani kaugua, chakula kimepanda bei kiasi gani. Padri mwenye homa, mbu wanamtafuna, bado alilazimika kuandika. Na wakubwa wa shirika walikuwa na mahali pa kuweka kilichoandikwa. Hayo mawili tu: agizo na rafu. Mapenzi hayakuwa na sehemu kubwa.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka uleule wa 1858, wakati Speke anatembea huku bara, kule pwani ya kaskazini mama mmoja mgonjwa alikuwa akimtungia binti yake wosia kwa beti za utendi. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Msham. Binti ni Mwana Hashima. Hakuna shirika lililomwagiza. Hakuna mkubwa aliyekuwa akingoja ripoti. Ni mama na mwanawe, habari za ndani ya nyumba. Watu waliunakili kwa mkono, nyumba hadi nyumba, kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha Uingereza. Leo wanafunzi wanaufanyia mtihani wa fasihi.

Hebu niambieni: siku alipoutunga, ule ulikuwa fasihi au ulikuwa karatasi ya familia? Mwana Hashima aliutunza kwa sababu ni wa mama yake. Sisi wengine tulikuja kusema ni fasihi baadaye sana, yeye akiwa amekwisha kufanya kazi yote ya kuutunza. Ndiyo maana napata shida mtu anaponiuliza, "Mzee, nitajuaje kama karatasi za nyumbani zina thamani?" Hutajua. Mimi pia sitajua. Kazi yetu mimi na wewe ni kuhakikisha zipo siku atakapozaliwa mtu wa kujua.

Nije kwa mtu wetu. Ninyi wa Ukerewe mnamsubiri, naona mnatabasamu.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa. Alisoma kwa mapadri wa Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa. Alipokuwa mtu mzima akaona vijana wanaisahau lugha na mila za wazee wao, akakaa chini kuandika. Akaandika habari ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliotafuta mtoto kwa taabu, na habari za watoto waliopatikana, Ntulanalwo na Bulihwali. Akaandika jinsi watu wanavyolima, wanavyovua, wanavyoposa, wanavyogombana na wakwe na kupatana kwa pombe. Akaandika kwa Kikerewe. Akamaliza mwaka 1945.

Mwaka 1945! Halafu ikawaje?

Halafu hakuna kilichotokea. Nani atachapa kitabu kinene cha lugha ya kisiwa? Miaka ikapita. Uhuru ukaja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walifika Ukerewe, wakamkuta mzee na mswada wake. Wakamshauri autafsiri kwa Kiswahili ili upate mchapishaji. Mzee, na maumivu yake ya viungo, akakaa tena chini akaandika kitabu kizima mara ya pili, kwa lugha nyingine, yeye mwenyewe. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, kikapigiwa chapa China. Mzee Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika.

Watu wengi wakisimulia habari hii husimama hapo na kutikisa vichwa. Masikini mzee, hakukiona kitabu chake. Ni kweli inauma. Lakini sisi wa kazi hii tunalisikia jambo jingine. Kuanzia 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Miaka 35 ya unyevu wa ziwa. Miaka 35 ya mchwa, na Ukerewe mnaujua mchwa wenu. Miaka 35 ya wageni wanaotafuta karatasi ya kuwashia moto na watoto wanaotafuta karatasi ya kutengenezea kishada. Kwa miaka hiyo yote kuna mtu ndani ya nyumba aliyekuwa akisema, "Hizo msiziguse." Pengine mzee mwenyewe. Pengine mkewe, Mama Anna. Pengine mtoto wa jirani aliyekuwa akitumwa kuzianika. Hatuwezi kumtaja, lakini bila sauti hiyo tusingekuwa na mazungumzo haya.

Na bado sijamaliza. Kiswahili kilipokamilika, kuna nyumba ambazo zingesema: basi, kile cha Kikerewe cha nini tena? Kitupwe, nafasi ni ndogo. Tunafanya hivyo kila siku. Tunapiga chapa, tunachana kilichoandikwa kwa mkono. Lakini Kikerewe kilibaki. Kwa kuwa kilibaki, Profesa Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya zake mwenyewe, aliweza kukirudia kile cha kwanza na kukitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe, na Mkuki na Nyota wakakichapisha mwaka 2002. Mnaona uzito wake? Msomaji wa leo anaweza kuuliza: hapa mzee alisema nini kwa lugha ya mama yake, na alipohamia Kiswahili alibadili nini, alifupisha wapi, aliona nini hakielezeki? Swali hilo linajibiwa na rasimu peke yake. Kitabu kilichochapwa hakiwezi kulijibu.

Walimu wa fasihi mlioko hapa, mnanielewa. Mswada wenye mistari iliyofutwa, maneno yaliyochomekwa pembeni, doa la chai, mahali kalamu ilipokwisha wino akamalizia kwa penseli: hapo ndipo mwandishi anaonekana akifikiri. Abdilatif Abdalla, alipofungwa Kenya kati ya 1969 na 1972, aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, maana hakupewa nyingine. Unaweza kuyasoma mashairi hayo kitabuni bila kujua. Ukijua, unasoma tofauti.

Nina jambo la pili, kuhusu barua. Ukitaka barua za mtu mkubwa, usiende nyumbani kwake. Nyumbani kwake utakuta barua alizopokea. Alizoandika ziko kwa watu wengine! Mnalichukulia jambo dogo, lakini watafiti wengi wamepoteza nauli kwa sababu yake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kati ya 1931 na 1958 alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge: habari za nyumbani, za kazi, za vitabu vyake. Mdogo mtu akaziweka. Mwaka 2002 Profesa Mulokozi akazihariri, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazichapisha kupitia taasisi yake ya Kiswahili. Tunamjua Shaaban Robert wa vitabuni, mtulivu, mwenye busara zilizonyooka. Anayemwandikia ndugu yake ni mtu mwenye shughuli na ndugu wa kuwaulizia hali.

Sasa nageuka kwenu. Mwalimu wenu wa shule ya msingi aliyekuwa akitunga tenzi, aliyekuandikia ulipofaulu kwenda sekondari, barua yake iko wapi? Katekista aliyewatafsiria wazazi wenu nyimbo za kanisa? Mtunzi wa Wagika au wa Wagalu, vyama vyetu vya ngoma, aliyekuandikia kukuomba nauli ya kwenda kwenye mashindano ya ngoma? Wewe unafikiri una barua ya kuombwa nauli. Huenda una ukurasa pekee uliobaki wa mkono wa mtu yule.

Nitawasimulia jambo lililonitokea, bila kutaja kijiji wala ukoo, maana wenyewe hawakunipa ruhusa hiyo. Niliitwa kwenye nyumba moja upande wa Kwimba. Baba mwenye nyumba alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa na furushi la stakabadhi za pamba lililofungwa kwa kamba ya katani. Waliniita kwa ajili ya Biblia ya Kisukuma ya zamani, wakidhani ndiyo ya thamani. Furushi lilikuwa mlangoni, tayari kwa moto. Nikaomba kulifungua. Upande wa mbele wa kila stakabadhi kuna jina la mkulima, uzito wa pamba, daraja lake, pesa aliyolipwa, na tarehe. Upande wa nyuma, kwa penseli, kwa herufi ndogo ndogo, kuna nyimbo.

Mzee yule alikuwa mtunzi. Karatasi ilikuwa adimu na chama cha ushirika kilimpa karatasi kila alipouza pamba, basi akaandikia humo. Wanawe walijua baba anaimba. Hawakujua baba anaandika.

Sasa fikirini nami, taratibu. Kila wimbo nyuma yake una tarehe. Kila wimbo nyuma yake una mavuno. Unageuza karatasi unaona mwaka pamba imekuwa nyingi, unageuza tena unasoma wimbo wa majigambo. Unageuza nyingine, kilo chache, unasoma wimbo wa kumsema karani. Na ninyi mnaikumbuka, au mmesimuliwa, vita ya mizani: miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake wakiunganisha wakulima wa mkoa wa ziwa, manung'uniko makubwa yalikuwa kwamba mkulima anapunjwa kwenye mizani ya mfanyabiashara. Mwaka 1955 vikaungana vyama, likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Habari hizo zimo katika vitabu vya siasa. Lakini mkulima mmoja mmoja alijisikiaje siku anashuka kwenye mizani? Vitabu vya siasa havina hilo. Nyuma ya stakabadhi limo.

Kijana mmoja wa ukoo, msomi, mwenye nia njema kabisa, akasema, "Mzee, nitachapa nyimbo zote kwenye kompyuta, halafu hizi karatasi chakavu tuzitupe." Nikamwambia mwanangu, sangara ukishamkata vipande ukawagawia wateja watano, hakuna atakayejua tena alikuwa na uzito gani. Wimbo bila stakabadhi ni wimbo tu. Stakabadhi bila wimbo ni hesabu tu. Zikiwa pamoja, na kamba yake ya katani, na mpangilio aliouweka mzee, ndipo tunapata mtu.

Ndiyo maana nawaombeni jambo moja, na nitalirudia mpaka mchoke. Msilisafishe sanduku. Msilipange. Msichague. Sisi watunza nyaraka tuna kanuni ya zamani: karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine, na mpangilio aliouacha mwenyewe unaheshimiwa, hata kama unaonekana fujo. Barua iliyokutwa ndani ya daftari la madeni, huenda inahusu deni. Picha iliyokutwa ndani ya bahasha, bahasha ndiyo inayosema imetoka wapi. Watu wanatupa bahasha! Bahasha ina muhuri wa posta, ina tarehe, ina anwani ya mtu. Msitupe bahasha. Msilisafishe sanduku.

Najua hofu zenu. Nimezisikia kwenye vibaraza vingi.

Ya kwanza ni aibu. Humo ndani kuna barua ya baba kwa mwanamke ambaye si mama. Kuna ugomvi wa mahari. Kuna mtoto ambaye ukoo haukumtaja. Sikilizeni: kukabidhi karatasi maktaba si kuzibandika ukutani. Familia inaandikiana na maktaba. Mnaweza kusema fungu hili lisifunguliwe mpaka mama afariki, au mpaka ipite miaka ishirini, na likafungwa, na mtafiti akija anaambiwa limefungwa. Hiyo ni kawaida duniani kote. Moto ndio usio na masharti.

Ya pili ni ya haki. "Nikiwapa, watachapisha wakatajirika." Karatasi na maneno yaliyomo ni mali mbili tofauti. Barua niliyokuandikia, karatasi ni yako, maneno bado ni yangu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na warithi ndio wenye sauti. Kuipa maktaba daftari la babu hakumpi mtu ruhusa ya kulichapa. Liandikeni hilo kwenye makubaliano, mweke sahihi, mbaki na nakala.

Ya tatu ni kwamba zitauzwa nje. Hapa sina jibu jepesi. Karatasi za Chinua Achebe na za Wole Soyinka, waandishi wa Nigeria, ziko Harvard, Marekani. Za Gabriel García Márquez, mtu wa Kolombia, zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Texas kwa dola milioni 2.2. Siwezi kumlaumu mwandishi aliyeishi kwa shida akauza alichonacho kwa anayelipa, tena mwenye chumba chenye ubaridi usiobadilika na walinzi usiku kucha. Hapa kwetu tungempa nini? Cheti cha shukrani na soda. Lakini msimamo wangu naueleza wazi: asili ibaki karibu na watu wanaojua majina yaliyomo, nakala ziende mbali kadiri iwezekanavyo. Mtaalamu wa Texas hawezi kukwambia huyo "shangazi wa Nansio" ni nani. Bibi aliyekaa mstari wa tatu pale anaweza.

Na nakala ziwe zaidi ya mahali pamoja. Mwaka 2012 wapiganaji walipouteka mji wa Timbuktu, Mali, waliookoa miswada ya karne nyingi walikuwa familia na wakutubi wa mji. Waliipakia kwenye masanduku ya bati, haya haya ya chini ya kitanda, wakaisafirisha kwa magari na mitumbwi hadi Bamako. Sehemu kubwa ya miswada ile ilikuwa mali ya familia, imerithiwa baba kwa mwana. Kwa upande mwingine, tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani Cape Town ukaingia kwenye maktaba ya Jagger ya chuo kikuu. Jengo la mawe, wakutubi hodari, na bado maelfu ya vitabu na nyaraka yakateketea. Nyumba peke yake haitoshi. Maktaba peke yake haitoshi.

Sasa mtaniuliza, hapa Mwanza tupeleke wapi? Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kazi yake kuu ni kumbukumbu za serikali, lakini watumishi wake wanaijua kazi, waulizeni. Kuna Maktaba ya Mkoa. Kuna maktaba ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe. Kuna makumbusho ya Wasukuma Bujora, aliyoyaanzisha Padri David Clement. Waparokia, ofisi za parokia zenu zina madaftari ya ubatizo na ndoa ya miaka mingi. Muulizeni paroko yamekaa juu ya kitu gani, na kama jibu ni sakafu, changeni rafu. Kabla hujakabidhi popote, uliza maswali haya ya kimbumbumbu: chumba kinavuja? Nani ana ufunguo? Mtu akija kusoma, anakaa wapi, na anaruhusiwa kuingia na begi? Wakikujibu kwa kigugumizi, rudi nyumbani na sanduku lako, ukawape muda.

Mpaka hapo, lihifadhini hivi. Liinueni kutoka sakafuni, juu ya matofali, mbali na ukuta. Mchwa hupanda kwa ukuta. Msifunge karatasi kwenye mfuko wa nailoni, hapa ziwani zinatoa jasho na kuota ukungu. Msibandike selotepu, inageuka rangi ya manjano na kula wino. Msilamineti! Nimeona barua ya mkono ya zamani sana imelaminetiwa kama kitambulisho. Ile haitoki tena. Pini na klipu zilizoshika kutu ziondolewe kwa upole, na zilizoshikwa pamoja zibaki pamoja. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli majina ya waliomo, leo, mama yenu angali anawakumbuka. Pigeni picha kwa simu, ndiyo, mbele na nyuma, lakini simu huibiwa Kirumba kila Jumamosi, kwa hiyo msiseme mmehifadhi.

Na ninyi vijana mnaotunga kwenye simu, mashairi yenu yamo kwenye WhatsApp na sauti za kurekodi. Mtaacha sanduku gani? Chapeni walau kwa mwaka mara moja, hata kwa karatasi za shilingi mia mia, na tarehe juu.

Nimemaliza upande wangu. Pale kulia, karibu na dirisha, kuna meza mbili na wanafunzi wa ukutubi. Hatuchukui kitu chochote leo, nasisitiza. Tunaorodhesha tu: nani ana nini, kiko kijiji gani, na tumpigie nani simu. Waliokuja na mifuko, wataangaliwa karatasi zao mbele ya macho yao na kurudishiwa palepale. Mkiulizwa majina ya watu walioko kwenye picha, semeni polepole, mabinti hawa wanaandika kwa mkono na majina ya Kikara yanawashinda. Wazee watangulie. Wanafunzi wa kiume mlioketi nyuma, njooni muwabebee mifuko. Wabheja sana.